Kupungua kwa Mizani ya Ndengu

Kosa langu la kwanza, kabla sijaelewa lolote kuhusu mwili wangu, lilikuwa kujipima uzito kwa mnunuzi wa ndengu.

Nilikuwa na sababu. Matiliku, ninakoshona nguo, mizani ya watu ni moja, na iko barazani mwa duka la dawa, pale pale watu wa bodaboda wanapokaa kusubiri abiria. Ukipanda, wanaisoma namba kabla yako. Niliwahi kumwona mwalimu mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, akipanda pale. Mmoja wao akaitangaza namba, mwingine akabisha, wakamwomba apande tena ili wakate shauri. Mwalimu akapanda tena. Nikaapa kwamba siku yangu haitafika.

Mnunuzi wa ndengu alikuwa na ghala lenye mlango mmoja na kivuli cha kutosha ndani. Mizani yake ilikuwa ya umeme, yenye jukwaa pana la chuma na namba nyekundu zinazowaka, na ilikuwa mpya kuliko kitu kingine chochote sokoni. Mimi naheshimu vitu vipya. Ushonaji nilijifundisha mwenyewe kwa video za simu, na mtu asiye na mwalimu huishia kuamini vyombo.

Wakati huo hedhi yangu ilikuwa imepotea tangu msimu wa maembe wa mwaka uliotangulia. Kidevuni nilikuwa naota nywele ngumu kama nyuzi za gunia, nikizing'oa kila asubuhi kwa kibanio kabla ya kufungua duka. Na nilikuwa nanenepa, hasa tumboni, bila kuongeza chakula. Kwetu kunenepa si msiba. Kanisani akina mama walinishika mikono wakaniambia Mungu amenikumbuka, nimekaa vizuri. Wengine walinitazama tumbo wakanyamaza, na kunyamaza kwao ndiko kulikonipeleka hospitali.

Sikwenda mji wa Wote ulio karibu, maana huko kumejaa watu wa kwetu. Nilienda hadi Kitui, nikalala kwa shangazi yangu Matinyani na kumdanganya kwamba nimekuja kutafuta vitambaa. Daktari alikuwa mwanamke kijana asiye na haraka. Alinionyesha ovari zangu kwenye kioo cha mashine: vifuko vidogo vidogo vimejipanga ukingoni kama ndengu ndani ya ganda. Akasema ugonjwa huo unaitwa PCOS, kwamba homoni zangu zimevurugika, na kwamba ndizo zilizoleta ndevu, tumbo na ukame wa hedhi, vyote kwa pamoja. Akanipa vidonge vya aina mbili. Vya kwanza ni vile wanavyomeza watu wa sukari, na vya pili ni vya kuishusha hedhi.

"Ukipunguza uzito hata kidogo, itakusaidia," akasema. "Lakini usiache dawa. Utando wa tumbo la uzazi ukikaa muda mrefu bila kushuka unazidi kuwa mnene, na mwishowe unaweza kugeuka kitu kibaya. Huo ndio unaniogopesha. Unene wako wa nje hauniogopeshi."

Mimi nilisikia kupunguza uzito. Hayo mengine niliyasikia kama mtu anavyosikia matangazo ya kanisani akiwa anatafuta viatu vyake kwa miguu chini ya benchi.

Daktari alikuwa amesema ugali uwe wa ukubwa wa ngumi. Mtu mwingine angekunja ngumi, akaitazama, akaendelea na maisha. Mimi niliiweka ngumi juu ya karatasi ya pateni, ile ya kukatia nguo, nikaizungushia kalamu, nikakata. Kwa mazoea nilikuwa nimeacha nafasi ya mshono, ikabidi niiondoe, kwa kuwa ugali haushonwi. Kila jioni niliulaza ugali kwenye sinia, nikaweka pateni juu yake, nikakata pembezoni kwa kisu kikali. Mwaitu, yaani mama yangu, alinitazama siku kadhaa. Hatimaye akauliza, "Hii ni ugali ama ni kola ya shati?"

Nikamwambia ni mambo ya afya.

"Na hizi zimebaki ni za nani?"

"Za kuku."

"Kuku hawana afya?"

Kuku walinona sana msimu ule.

Kisha kulikuwa na video za washauri wa afya kwenye simu. Mmoja alikataza maziwa, mwingine mahindi, mwingine maharagwe, mwingine matunda matamu. Nilizifuata zote, kwa kuwa sikuweza kustahimili wazo kwamba nimeiacha ile moja iliyokuwa ya kweli. Ukiondoa maziwa, mahindi, maharagwe na maembe katika nyumba ya Kalamba, unabaki na chumvi na sala ya kushukuru. Muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, ukipikwa, nilikaa mbali na moshi.

Tena nilianza kwenda kazini kwa miguu, kutoka nyumbani Kalamba hadi Matiliku. Watu wakaona ni shida. Kila pikipiki iliyonipita ilisimama, na kila nilipokataa kupanda ilibidi nieleze, na maelezo yangu hayakumtosheleza mtu. Nani anatembea na nauli iko? Jumapili moja mzee wa kanisa aliomba kwa ajili ya "binti yetu ambaye biashara imemlemea", na watu wote wakageuka kunitazama kwa huruma. Nikasema amina. Ningefanyaje?

Katika taabu hiyo yote, mahali pekee nilipopata faraja palikuwa kwenye ghala la ndengu.

Mnunuzi alikuwa mwanamume wa makamo aliyefiwa na mkewe. Alikuwa msafi na mpole, wa kuvaa koti la kijivu hata jua likiwaka, mkono mmoja daima mfukoni. Siku ya kwanza nilipomwomba nijipime, alisema, "Karibu, fundi," akaliondoa gunia jukwaani, akapangusa chuma kwa leso yake mwenyewe. Nikavua viatu, nikapanda. Namba ilikuwa chini ya ile niliyopimwa Kitui, tena chini kwa mbali, na nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza ule ugali wa kukata. Nilicheka kwa sauti. Naye akatabasamu.

Tangu hapo sikukosa siku ya soko. Na kila siku ya soko nilikuwa nimepungua. Nilipungua polepole, kwa adabu, bila kurukaruka. Nilipungua hata baada ya harusi ya binamu yangu, ambapo nilikula pilau kama mtu aliyefunguliwa kutoka jela. Mnunuzi aliniwekea kiti cha kuvalia viatu. Baadaye akaweka na kitambaa juu ya kiti. Aliniuliza habari za kazi, nami nilimjibu kwa furaha, maana nani hampendi mtu anayemletea habari njema? Niliona kwamba mfukoni alishika kidude kidogo chenye vitufe, kama cha kufungulia milango ya gari. Yeye alikuja kazini kwa baiskeli. Nikadhani gari liko nyumbani.

Wakati huohuo sketi zangu zilianza kunibana.

Hapa ndipo kupenda kwangu ukamilifu kuliponimaliza. Mizani inasema napungua, sketi inasema naongezeka, na mizani ni ya umeme. Kwa hiyo aliyekosea ni sketi. Nilishuku kitambaa kimeruka, yaani kimepungua kwa kufuliwa. Nikakata kipande cha kitambaa kilekile, nikakipima, nikakifua, nikakianika, nikakipima tena: hakikuruka. Nikashuku tepu yangu ya kupimia, nikanunua nyingine, nikaona zinalingana kabisa, nikazishuku zote mbili. Nikashuku sabuni. Mwishowe nilimpelekea muuza vitambaa malalamiko rasmi kuhusu bidhaa yake. Alinisikiliza hadi mwisho, akiwa na mkasi mkononi.

"Hiki kitambaa nimeuzia watu wengi," akasema. "Kinabana wewe peke yako?"

Nikaenda zangu nimeudhika. Sketi nikazifumua, nikazipanua.

Vidonge nilikuwa nimeviacha. Vile vya sukari vilinivuruga tumbo, nami nilivimeza bila kula kitu kwa sababu kulikuwa na video iliyokataza kifungua kinywa. Vile vya hedhi nilivikwepa baada ya kusoma karatasi iliyokuwa ndani ya boksi, mbele na nyuma, ikiwemo sehemu ya wanaume. Zaidi ya hayo, mizani ilikuwa imeshanipa matokeo. Mtu aliyepona anameza dawa ya nini? Hedhi haikuja. Nikajiambia iko njiani, imechelewa tu kama mvua za vuli.

Niliporudi Kitui kwa miadi yangu, nilivaa vizuri, kama mtu anayekwenda kupokea zawadi. Nesi akanipandisha kwenye mizani yao. Namba ilikuwa juu kuliko ile niliyoanza nayo.

"Dada," nikamwambia kwa upole, "hii mizani yenu imeharibika."

Nesi akapanda mwenyewe. "Mimi iko sawa."

"Labda imeharibika kwa watu wengine."

Akamwita mzee aliyekuwa kwenye foleni na fimbo yake. Mzee akakabidhi fimbo, akapanda, akasema ndizo kilo zake zilezile tangu aanze kuja hapo. Mama mmoja akaomba naye ajaribu, akaridhika. Foleni yote ikataka kushiriki. Mimi nilisimama kando nikimsubiri hata mtu mmoja ambaye mizani ingemkosea, lakini Kitui nzima ilikuwa sahihi.

Ndani, daktari aliniuliza ile mizani ninayoisifu iko wapi na inapima nini. Nikasema inapima ndengu. Aliandika kitu, akakifuta. Akauliza kuhusu dawa. Nikasema nameza. Akauliza hedhi ilishuka tarehe gani, na hapo sikuweza kubuni.

Alinipima tena kwa ile mashine, na safari hii hakunionyesha kioo. Alisema utando umekuwa mnene kuliko anavyotaka kuuona. Alisema nianze vidonge vya hedhi siku hiyohiyo. Vikiisha na damu isishuke, itabidi watoe kipande cha ndani wakipime, wajue kama kimeshaanza kuharibika. "Sikutishi," akasema. "Nakuambia kazi iko wapi. Kazi haiko kwa kilo."

Mtu mwenye akili angemeza kidonge kabla ya kutoka langoni. Mimi nilirudi Kalamba kuitetea mizani. Niliona kwamba nikiweza kuonyesha kuwa ya Kitui ndiyo mbovu, basi na mashine ya Kitui ni mbovu, na utando nao ni uongo.

Nilipata nafasi haraka. Mwaitu alikuwa anapeleka ndengu zake sokoni, na nikajitolea kumsaidia. Alizipima nyumbani kwa gorogoro, ule mkebe ambao kila mtu kwetu anaujua uzito wake, akajaza gunia, nami nikawa nahesabu kimoyomoyo ili nikalinganishe na namba nyekundu. Gunia likafika kipimo. Halafu, kabla ya kulishona, akaongeza ndengu nyingine juu.

"Hizo ni za nini?"

"Ni za mizani." Alisema hivyo kama mtu anavyosema hizi ni za sadaka.

"Mizani gani?"

"Ile ya huyo mtu. Si inakula? Unaiwekea yake, inakula, mnapatana."

Nikamwuliza kama anajua kwamba huo ni wizi. Akanitazama kama mtoto. Nikamwuliza kwa nini basi hawauzi kwingine.

"Huko kwingine inakula na haisalimii," akasema. "Huyu ukifiwa anakuja, anabeba sukari, anakaa mpaka mwisho. Kila mtu anajua mizani yake. Kwani wewe hukujua? Na vile unaenda huko kila soko?"

"Nilikuwa naenda kujipima."

Mwaitu akaweka gorogoro chini.

"Kujipima tu?"

Ndipo nilipojua. Soko zima lilijua kwamba fundi wa nguo anachumbiwa na mnunuzi wa ndengu. Kikundi cha akina mama kanisani kilijua, na kilikuwa kimeanza kuniombea kwa njia nyingine. Mjomba wangu alikuwa ameshaulizwa kwa siri kama familia ingepokea mbuzi wa ntheo, ambao kwetu ndio wanaofungua mlango wa ndoa. Bila wao mwanamke hajaposwa. Mjomba alikuwa amejibu kwamba mlango haujafungwa. Kutembea kwangu kwa miguu kulieleweka vizuri pia: msichana anatafuta muda wa kufikiri.

Tulipofika ghalani, mwaitu alibaki nje na gunia, akijifanya anatafuta kitu kwenye kikapu. Niliingia nikamwuliza yule mtu moja kwa moja mizani yake imenifanyia nini. Hakukana. Alitoa kile kidude mfukoni, akakiweka mezani kati yetu.

"Siku ya kwanza sikugusa kitu," akasema. "Ilikuwa kwa ile kipimo ya wakulima, ile inakula. Ukacheka. Mwanamke hajacheka kwa hii store tangu mama watoto aende. Soko iliyofuata nikaona, sasa nitamvunja roho?"

"Ukanipunguza."

"Kidogo kidogo, fundi. Ningekushusha mara moja ungeshtuka, uende hospitali."

Yeye akaona nimeumia, akaongeza kwamba binafsi hakutaka nipungue. Alikuwa ananiona niko sawa kabisa. Alipunguza kwa sababu nilitaka mwenyewe. Nilimwomba airudishe mizani kwenye kipimo cha kweli, mara moja tu, nipande. Akachukua kidude, akabonyeza. Namba zikapanda, zikashuka, zikapanda. Akapanda yeye, akatikisa kichwa, akabonyeza tena. Alijaribu kwa bidii, hilo siwezi kumnyima.

"Ile ya kweli siikumbuki," akasema hatimaye. "Ni siku nyingi sijaitumia."

Nikamwuliza kuhusu mbuzi. Akasema wapo. Nikamwambia wabaki wakila, kwa kuwa mimi sikuja kwa ajili hiyo, na samahani kama nilionekana hivyo. Alikubali kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea bei mbaya ya msimu. Kisha akapangusa jukwaa kwa leso, akasema nimwite mama alete gunia.

Njia ya kurudi Kalamba ni ndefu ukiwa na la kusema. Nilianza na mizani, mwaitu akacheka mpaka akashika kiuno. Nikaja kwenye ndevu, akaacha kucheka. Nikaja kwenye hedhi, na vidonge, na utando, na kipande ambacho daktari angetaka kukitoa. Alisimama katikati ya barabara.

"Damu imekataa tangu maembe ya mwaka jana," akasema, "na wewe unakata ugali na mkasi?"

"Kisu."

"Nyamaza."

Tukaendelea kutembea. Nilidhani ananililia moyoni, mtoto wake wa pekee wa kike asiyezaa. Kumbe alikuwa anafikiri. Aliniambia kwamba mama yake, nyanya yangu, alikuwa na ndevu. Alizing'oa kwa majivu kila wiki, na aliolewa miaka mingi kabla ya kumpata mtoto mmoja tu, ambaye ni yeye. Watu walisema amerogwa. Alipelekwa kwa waganga, akapelekwa kwa wahubiri, akanenepa, akafa mzee, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kitu kinachoitwa ovari. "Wewe umeambiwa," akasema. "Na mashine imeona. Halafu unaenda kuuliza ndengu."

Jioni hiyo alipika uji, akanisimamia nikanywa bakuli zima, kisha akanipa vidonge mkononi kama ninavyowapa kuku makombo. Video zote za kukataza zilipita kichwani mwangu, nikameza hivyo hivyo. Tumbo halikuvurugika. Nilikuwa nimesahau kwamba daktari alisema vimezwe na chakula. Alikuwa amesema, na ameandika, na amepigia mstari.

Vile vya hedhi viliisha. Siku zikapita bila kitu, na hofu yangu ikapata kazi ya kudumu. Nilikuwa nikiingia chooni, nikitoka, nikirudi. Sikuwaza kilo hata mara moja. Nilikuwa nawaza kile kipande.

Ilikuja Jumapili, wakati wa harambee ya kanisa, nikiwa mstari wa mbele wa kwaya ndani ya kanzu nyeupe niliyoishona mwenyewe. Mchungaji alikuwa katika maombi marefu, amefika kwa walio safarini. Nilihisi maumivu ya chini ambayo nilikuwa nimeyasahau, kisha joto, na nikajua. Nilisema "Asante Yesu" kwa sauti, peke yangu, mahali pasipostahili. Mtu nyuma akasema amina. Mwaitu, ambaye alikuwa benchi la tatu, alifungua macho, akanitazama usoni, akanitazama kanzu, akavua sweta yake huku anapiga makofi. Alikuja mbele akinifunga kiunoni na kuimba, na akina mama wengine wakamfuata wakidhani nimeguswa na Roho. Kanzu ile haikusafika. Sikujali, na mimi ni mtu ambaye hufumua pindo zima kwa sababu ya mshono mmoja.

Daktari hakuhitaji kutoa kipande. Utando ulipimwa tena, ukawa umeshuka.

Ugonjwa bado ninao. Daktari amesema nitakaa nao. Nameza vidonge kila siku baada ya kula. Nakula muthokoi, kidogo, pamoja na mboga nyingi, na natembea nikipata nafasi. Nimepungua kiasi, si sana. Ndevu zipo. Hedhi inakuja, miezi mingine yenyewe na miezi mingine kwa dawa, na haikai tena muda mrefu bila kushuka. Kitui naenda na mwaitu, na shangazi anajua tunaenda kufanya nini.